Mama wa Viti

Chuo chetu ni kidogo. Kina jengo moja refu la mawe meusi ya volkano, na vyumba vyake vimetenganishwa kwa mbao nyembamba. Mwalimu wa sheria akifundisha mirathi, wanafunzi wa kilimo upande wa pili nao wanajifunza mirathi, watake wasitake. Maabara ya fizikia iko ndani ya chumba kilichokuwa jiko. Maktaba ina rafu nyingi kuliko vitabu. Walimu pia wamepungua. Wengine wako Kinshasa, wengine Kampala, na wengine wamebaki mjini ila hawaonekani. Fakilte nzima inaweza kuwa na walimu watatu, na wawili kati yao hawasalimiani.

Kwa sababu hiyo tuna desturi ambayo sijaiona mahali pengine. Tunaiita kurudisha. Kila Jumatano mchana tunakusanyika wote katika ukumbi mmoja, watu wa sheria, uuguzi, kilimo, teolojia, uchumi, na sisi wa sosholojia. Mmoja anasoma utafiti wake kwa Kifaransa. Akimaliza, mtu wa fakilte nyingine, ambaye hakuambiwa mapema, anachaguliwa kusimama mbele bila karatasi na kuusimulia utafiti huo wote kwa Kiswahili, kile tunachozungumza nyumbani. Kisha mwenye utafiti anasema "Ni yangu" au "Si yangu." Akisema si yake, anataja kilichokosekana na msimuliaji anarudia. Hakuna makala inayoingia katika jarida la chuo mpaka mwenyewe akubali mbele ya watu kwamba alichorudishiwa ni chake.

Wageni wanaona ni mchezo. Sisi tunajua kwamba Kifaransa kinaficha mengi. Siku moja mwalimu wa fizikia alisoma utafiti juu ya magurudumu ya chikudu, yale matoroli ya mbao yanayoteremsha makaa na kabichi kutoka upande wa Kibati. Kulikuwa na michoro na alama za Kigiriki. Padri anayefundisha teolojia akasimama akasema, "Anasema mutelemuko wa Munigi unamusaidia mutu asubui, na jioni unamulipisha." Mwalimu wa fizikia alifikiri kidogo, akasema ni yake. Mwalimu wa sheria naye alisoma kurasa nyingi juu ya wajane na viwanja. Mtu wa kilimo akamrudishia kwa sentensi moja, kwamba mjane hafukuzwi kwenye kiwanja ila hakuna anayemwambia hivyo. "Ni yangu," mwalimu wa sheria akasema, na uso wake ulionyesha kwamba angependa iwe ndefu zaidi.

Mimi ninafundisha mbinu za utafiti na takwimu, na ndimi ninayetayarisha jarida. Wanafunzi wananiita Mama Un-sur-cinq, kwa sababu somo langu la kwanza kila mwaka ni lile la kuchagua nyumba moja kati ya kila tano. Wanafikiri sijui. Sina subira na mtu anayepika majibu, na wanafunzi watakwambia kwamba nimewahi kuirudisha kazi ya kumaliza masomo kwa sababu ya jedwali moja. Nimezoea kutazama mambo kwa mbali. Ukiwa karibu mno na jambo huwezi kulihesabu vizuri, ndivyo ninavyowafundisha, na kwa muda mrefu niliamini kwamba hayo yanatosha.

Nyuma ya chuo ni Mabanga. Mwanafunzi akitoka darasani kwa miguu, nyumba za kwanza anazokutana nazo ni za Mabanga. Kwenda mbali kunataka nauli ya moto, yaani pikipiki, na barabara ya kaskazini leo inapitika, kesho haipitiki. Kwa hiyo utafiti juu ya maji unafanyika Mabanga. Utafiti juu ya malaria, Mabanga. Wa makaa, wa kura, wa mboga zinazopandwa ndani ya magunia, wa Waislamu na Wakristo wanaoishi ua mmoja, zote Mabanga, na kwenye jalada zote zimeandikwa "mji wa Goma". Na hata ndani ya Mabanga, ile nyumba moja kati ya tano inageuka kuwa nyumba yoyote ambayo geti lake liko wazi na kuna mahali pa kukaa.

Kwa mama yangu geti huwa wazi, na mahali pa kukaa ni pengi kuliko kanisani. Mama anakodisha viti. Ni viti vya plastiki vya buluu, vimepangwa kimoja juu ya kingine kando ya ukuta mpaka dirishani, na chini ya kila kimoja amepaka alama nyekundu kisije kikapotelea kwa jirani. Harusi inakuja kuchukua viti kwake, kilio kinakuja, mkutano wa kina mama unakuja. Anayekuja kuchukua viti hukaa kwanza. Anayerudisha hukaa pia. Wanafunzi waligundua zamani kwamba ukimwambia "Mama, tuko batu ba ankete," yaani watu wa kuuliza maswali ya utafiti, anakwambia uvute kiti, anakupa maji, na anajibu mpaka swali la mwisho. Nadhani walipashana habari. Wanaoanza mwaka wa kwanza huwa wanamjua mama yangu kabla ya kunijua mimi, na wengi hawajui kwamba ni mama yangu.

Yeye ni mtu wa Maniema. Alikuja Goma akiwa mke wa dereva wa malori. Baba alifariki nikiwa bado shule, na mama akabaki katika nyumba hiyohiyo, akatulea na kutusomesha. Sasa watoto wote tumetoka. Kaka yangu mkubwa yuko Kindu, wengine wametawanyika, na mimi niliyebaki mjini ninakaa Himbi peke yangu, katika nyumba ya kupanga yenye geti la chuma, mbwa wa mwenye nyumba, na makochi mawili niliyoyanunua nilipopandishwa cheo.

Msimu wa mvua uliopita mama alianguka uani akiwa amebeba viti. Mawe yetu yakilowa hayana huruma. Alivunjika kifundo cha mkono, na alikaa chini pale kwa muda kabla jirani hajasikia. Nilipofika, mkono ulikuwa umekwisha fungwa na yeye anamwelekeza jirani jinsi ya kupanga viti. Niliogopa. Sikumwonyesha. Usiku huo kaka alipiga simu tukakubaliana kwamba mama hawezi tena kukaa peke yake, atahamia kwangu Himbi, na viti tutaviuza. Tulipanga kila kitu. Kilichobaki kilikuwa yeye kukubali.

"Tutaona," mama alisema.

Nilienda tena wiki iliyofuata. Nilimweleza kuhusu chumba nilichomtayarishia, kina dirisha upande wa jua. Nilimweleza kwamba hospitali iko karibu. Motari aliyenileta alikuwa ananingoja getini na pikipiki yake inanguruma. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nimekula.

"Mama, uko bien?"

"Niko bien."

"Utakuya?"

"Tutaona."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miezi. Kaka alikuwa akinilaumu kwa simu, kana kwamba mimi ndiye ninayemzuia. Kila mvua ilipoanza kunyesha nikiwa darasani niliona mawe yale. Nilishindwa kuelewa mwanamke anayemjibu kila mtu anawezaje kukosa jibu la mtoto wake.

Wakati huohuo nilikuwa ninatayarisha jarida, na kwa mara ya kwanza nilisoma makala zote kwa mfululizo, nimekaa, badala ya mojamoja kama zinavyokuja. Katika makala ya kilimo kulikuwa na mjane mkodisha viti wa Mabanga ambaye anapanda lengalenga ndani ya magunia na kulisha watu wanane. Katika ile ya uchumi, mjane mkodisha viti alikuwa akiishi na wajukuu. Katika ile ya teolojia aliishi na mpangaji Mkatoliki, wakila sahani moja katika Ramadhani na katika Krismasi. Kwa watu wa sheria alikuwa peke yake, akitishwa na ndugu za mume. Baba hakuwa na ndugu huku. Magunia ya lengalenga sijawahi kuyaona.

Nilienda Mabanga nikiwa nimevimba kwa hasira. Motari nilimwambia asubiri.

"Mama, kwa nini uliambia ule mutoto wa kilimo muko munane?"

"Wa kilimo gani? Ule mwenye alikuwa anatoka jasho?" Alicheka. "Alizunguka Mabanga muzima, anatafuta nyumba ya batu mingi. Nikamwambia tuko munane. Akafurahi!"

"Mama, hiyo ni bongo! Umemudanganya!"

"Si bongo. Hatukukuwaka munane mu hii nyumba? Umesahau?"

"Ilikuwaka zamani!"

"Hakuuliza mwaka," mama alisema.

Nilimweleza kwamba makala zinasomwa, kwamba kuna watu wanaopanga mambo ya mji kwa kufuata namba hizo. Alinitazama kwa upole uliozidi kunikasirisha. "Batoto ba batu," alisema, "banataka kumaliza masomo. Wewe nani alikusaidia?" Halafu akaniuliza kama nimekula. Motari alipiga honi, nikaondoka. Jumatatu nilitangaza darasani kwamba barabara ile ya Mabanga yenye nyumba ya viti imefungwa kwa utafiti, mpaka nitakapoamua tena. Wanafunzi waliandika kwa utiifu mkubwa, na utiifu wao huwa unanitia wasiwasi.

Ndipo ikaja ile Jumatano.

Aliyesoma alikuwa mwalimu kijana wa uuguzi, msichana wa familia ya Kikatoliki ya upande wa Bukavu, mtu wa sauti ndogo ambaye huwa anamaliza kila anachokianza. Utafiti wake ulihusu wazee wanaoishi peke yao mjini ilhali wana watoto wenye uwezo, na kwa nini wanakataa kuhamia kwa watoto hao. Nilikaa wima. Nilijiambia kwamba hii ni bahati, nitapata hoja za kumpelekea mama. Alieleza magonjwa, alieleza kuanguka, alieleza sababu ambazo wazee wanatoa. Wengine wanaogopa wakwe. Wengine wanalinda kiwanja. Kisha akasema kwamba kuna sababu moja aliyoisikia mara moja tu, na kwamba ndiyo iliyomfanya auanze upya uchambuzi wake wote. Akasoma kwa Kifaransa maneno ya mjane mmoja wa Mabanga anayekodisha viti.

Mjane huyo alisema kwamba binti yake ni mtu mzuri. Kwamba kwa binti kuna makochi mawili, na yeye hajawahi kumwona mtu aliyeyakalia. Kwamba binti akija kumtembelea huja na majibu, anayatua, anaondoka. Kwamba akihamia kwa binti atakuwa mzigo uliokwisha fika.

Watu walicheka kidogo aliposoma kuhusu makochi. Mimi nilitazama mikono yangu. Ninakumbuka kwamba nilikuwa ninafikiria jambo la kipuuzi, kwamba kitambaa cha makochi yale ni rangi ya maziwa na ndiyo maana huwa ninayafunika.

Padri anayeongoza vikao aliangaza macho ukumbini kutafuta wa kurudisha. Yakasimama kwangu.

"Asista," aliniita kwa cheo changu cha chuoni. "Kuya huku mbele."

Nilisimama. Nilisimulia vizuri, nina uzoefu. Nilieleza wazee ni akina nani na walichaguliwaje, nikaeleza kuanguka, wakwe na viwanja, nikamaliza kwa mapendekezo. Mwalimu wa uuguzi alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa.

"Si yangu," alisema.

Nilimwuliza ni nini kimekosekana, kama desturi inavyotaka.

"Umemuacha mama wa viti. Bila yeye hii kazi ni ya kila mutu. Yeye njo anaifanya yangu."

"Rudisha, asista," padri alisema.

Msimuliaji hana karatasi. Nilikuwa na Kifaransa cha yule msichana kichwani, kisafi, chenye nukta na mkato. Lakini nilipofungua mdomo kukirudisha katika Kiswahili, hakikurudi katika Kiswahili changu. Kilirudi kwake.

"Mutoto yangu eko mutu muzuri," nilisema. "Kwake kuko fauteuil mbili, na sijaonaka mutu mwenye aliikala mule. Akikuyaka kwangu anakuyaka na majibu. Anayatula, anaenda. Mi nikienda kwake, nitakuwa muzigo yenye ilishafika."

Hakuna aliyecheka mara hii. Mwalimu wa uuguzi alikuwa ameinua kichwa.

"Ni yangu," alisema. Kisha akasema kitu ambacho si sehemu ya desturi. "Njo vile alisema. Mot à mot, neno kwa neno. Unamujua?"

"Hiyo nyumba iko mu sampuli ya kila mutu," nilijibu, nikarudi kuketi. Mwenzangu wa uchumi alinipa chupa yake ya maji. Sikujua kwamba uso wangu ulikuwa unaonyesha kitu.

Kikao kilipokwisha nilichukua moto mpaka Mabanga. Njia ni fupi, lakini nilihitaji kukaa nyuma ya mtu asiyenitazama. Nilijipa matumaini. Nilijiambia kwamba mama alimpa yule wa kilimo watu wanane kwa sababu alihitaji wanane, na mtu wa teolojia alipewa Mkatoliki wa sahani moja kwa sababu alihitaji Mkatoliki. Huyu wa uuguzi alikuwa anatafuta mzee anayekataa kuhama, naye mama akamtafutia sababu nzuri. Inawezekana kabisa. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii niliomba jibu la mhojiwa liwe la uongo, na niliomba kwa moyo wote.

Mama alikuwa uani anachambua sombe, yaani kisamvu, kwa mkono mmoja. Mkono ule mwingine ulikuwa umefunguliwa bandeji, ila vidole havikuwa vimerudi sawasawa. Nilitoka tena getini nikamwambia motari aende. Kisha nilichukua kiti kutoka kwenye rundo, nikakaa. Nilipokaa ndipo nilipogundua kwamba huwa sikai. Huwa ninasimama hapo karibu na mlango na mfuko wangu begani.

"Mama. Nikikuuliza kitu, utanijibu? Si kunisaidia. Kunijibu."

"Unataka jibu gani?"

"Ile ya kweli."

"Ya kweli iko murefu. Motari anakungojea."

"Nimemurudisha."

Aliacha sombe. Aligeuka kutazama geti kuhakikisha, na mimi niliona aibu kwamba alihitaji kuhakikisha.

Nilimwuliza kwa nini hataki kuhamia kwangu. Nilipouliza nilifanya kile ninachowafundisha wanafunzi na ambacho wengi wao hawakiwezi, nilinyamaza. Ni kazi ngumu. Nilikuwa na chumba cha upande wa jua kwenye ncha ya ulimi, na hospitali, na mawe, na kaka wa Kindu. Nilivimeza vyote.

"Kilio ya papa yako," mama alisema baadaye, "batu baliikala wapi?"

Sikukumbuka.

"Juu ya mawe. Batu balitoka mbali, bazee, ba mama ba kanisa, ba dereva benzake. Banaikala juu ya mawe, mvua inanyesha. Sikukuwa na kiti hata kimoja ya kupatia mutu. Nilisikia haya kupita kilio yenyewe. Nikasema, hapa kwangu mutu hataikala tena juu ya jiwe. Njo biti bilianzia pale."

Nilikuwa nimefikiri kwamba viti vilianza kwa sababu ya karo zetu. Vilitusomesha, ni kweli, lakini havikuanzia hapo.

"Sasa anakuya wa harusi, anaikala. Anakuya wa kilio, anaikala. Anakuya mutoto wa université na karatasi yake, anauliza niko na miaka ngapi, nililia nini, ninaogopa nini. Kwako Himbi mutu akipiga mulango, imbwa njo inamujibu." Alirudia kuchambua sombe. "Nitaikala mu fauteuil namna gani, nikingojea nani?"

"Kwa hiyo yenye uliambia ule madame wa uuguzi, ni ya kweli."

"Ule? Ule hakukuwa na haraka. Aliuliza, akanyamaza. Nikamwambia."

"Na mimi?"

"Wewe unaulizaka na jibu yako mu mukono," mama alisema, bila ukali wowote. "Sikukatala. Nilikuwa ninangojea umalize."

Iliniuma. Hakuna namna nyingine ya kusema. Iliniuma zaidi kwa sababu alisema kama mtu anayekueleza kwamba nje kuna mvua. Nilitazama vidole vyake vikivuta majani kutoka kwenye vikonyo, vile vilivyonyooka na vile visivyonyooka, na nilijua kwamba hatahama, na kwamba mvua itanyesha tena juu ya mawe yale. Mambo yote mawili yalikuwa kweli, wala takwimu zangu hazikuwa na namna ya kuyapatanisha.

Ndipo tukasikia hodi.

Walikuwa wawili, mvulana na msichana, wanafunzi wangu wa mwaka wa pili. "Hodi, Mama! Tuko batu ba..." Mvulana aliniona kabla hajamaliza. Msichana alificha karatasi nyuma ya sketi yake. Barabara niliyoifunga Jumatatu walikuwa wamesimama katikati yake, mbele ya aliyeifunga, ambaye alikuwa amekaa ndani ya nyumba iliyofungwa, kwenye kiti cha buluu.

"Madame," mvulana alisema, "tulikuwa tunapita tu."

"Munapita wapi?" mama akauliza. "Kuya muikale. Wewe, toa biti."

Wewe alikuwa mimi. Niliinuka, nikatoa viti viwili kwenye rundo kwa mikono yangu yote miwili, nikaona jinsi vinavyonasana na jinsi inavyobidi kuvuta kwa nguvu, na jinsi mtu wa umri wake anavyoweza kuyumba akivuta. Niliviweka mbele yao. Walikaa kwenye ukingo, kama watu wanaosubiri kufukuzwa.

Sikuwafukuza. Niliwaambia waendelee, wafanye kama hawanioni.

Mama aliwauliza wanasoma nini. Uchumi, walisema, ni ankete juu ya matumizi ya nyumba. Msichana alitoa karatasi kutoka nyuma ya sketi, akaikunjua kwenye goti. Aliuliza vizuri, akatazama uso wa mama na si karatasi.

"Mama, mu hii nyumba munaikala batu ngapi?"

Mama alimtazama kwanza msichana, kisha mvulana. Niliijua ile sura. Alikuwa anapima wanahitaji wangapi. Alifungua mdomo.

"Deux," nilisema mimi. Wawili.

Mama aligeuka. Mkono uliokuwa na sombe ulibaki hewani.

"Madame?" msichana alisema.

"Andika deux."

Alisita. Nilimfundisha mwenyewe kwamba jibu la mtu wa pembeni haliandikwi mpaka mhojiwa alithibitishe. Kwa hiyo alimgeukia mama, kama inavyotakiwa, akauliza tena. "Mama, ni deux?"

Mama hakunitazama. Alirudisha macho kwenye sombe, akachagua jani moja, akalitupa kwenye beseni.

"Kama amesema," alijibu. "Andika."

Msichana aliandika. Ilikuwa Jumatano, na namba hiyo ilikuwa ya uongo mpaka Jumamosi, nilipopakia godoro langu na vitabu kwenye chikudu na kuhamia navyo Mabanga. Makochi niliyaacha Himbi. Kwa mama viti vipo.